Nilisoma shahada ya kwanza kwa Kihispania: uzi kwa anayetaka kwenda na hajui aanzie wapi

safari_ndefu (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, salaam kwenu. Maswali haya nimekuwa nikiyajibu kwa ujumbe wa faragha, mtu mmoja mmoja, hadi nimeona niyalete hapa kila mtu ayasome. Nilisoma shahada ya kwanza ya historia katika chuo kikuu cha umma nchini Uhispania, miaka minne, masomo yote kwa Kihispania. Sikuzaliwa na lugha hiyo wala sikuisoma sekondari. Niliianza nikiwa na miaka 19.

Kuliko yote, nataka niseme hili: kama Kiswahili ndiyo lugha yako, jifunze Kihispania ukitokea kwenye Kiswahili. Usikipitishe kwanza kwenye Kiingereza. Mimi kosa hilo lilinila mwaka mzima. Kitabu nilichokuwa nacho kiliandikwa kwa ajili ya wazungumzaji wa Kiingereza, nami nikakaa nikiteswa na mambo ambayo kwa Mswahili hayana uzito wowote.

Anza na sauti. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa karibu sawa na zetu, kila moja kwa sauti yake ileile popote ilipo. Kitabu changu kilizipa sura nzima. Herufi "ñ" ni ny ya nyota. "J" inakaribia kh ya kheri. "Z", na "c" iliyo mbele ya e au i, katika sehemu kubwa ya Uhispania ni th ya thelathini. Hata "d" ikikaa kati ya irabu mbili hulegea ikawa karibu na dh, na "g" ikasogea kwenye gh. Jasho litakutoka kwenye "rr" tu: "pero" ni lakini, "perro" ni mbwa.

Sasa njoo kwenye sarufi, maana hapo ndipo nilipokasirika nilipogundua. Wenzangu darasani walilia na kitu kinachoitwa subjuntivo. "Quiero que vengas." Mwalimu anaeleza nusu saa kwa nini si "vienes". Mimi nami nikiandika sheria kwenye daftari, hadi usiku mmoja nikaitamka sentensi ile kwa Kiswahili: nataka uje. Si "nataka unakuja". Uje! Kitenzi chetu kinabadilika mwisho, na chao vilevile. "Es necesario que estudies", ni lazima usome. "Para que entiendas", ili uelewe. Nilikuwa nalo jambo hili kinywani tangu nikiwa mtoto.

Na hii: "Le di el libro a mi hermano." Wengine huuliza, "le" ya nini ilhali kaka ametajwa? Nilimpa kaka yangu kitabu. Hiyo "m" iliyo ndani ya nilimpa na kaka aliyefuata vimekaa pamoja bila ugomvi. "Los libros nuevos", vitabu vipya: kwao kama kwetu, kivumishi hulifuata jina lake. Anayeona taabu kukumbuka kike na kiume cha Kihispania akumbuke kwamba sisi tuna ngeli zaidi ya mbili na hatukosei.

"Ser" na "estar" pia: "es profesora" ni mwalimu, "está en la biblioteca" yuko maktaba, "la puerta está abierta" mlango uko wazi. Hapa msinifuate kipofu, kwa sababu hayalingani hadi mwisho. Mtihani unaofanyika mahali huchukua "ser": "el examen es en el aula 5". Na mgonjwa kwao "está", hata kama sisi twaweza kusema ni mgonjwa.

Kuna pia maneno ambayo ni ndugu wa damu. Kiarabu kilikaa karne nyingi kwenye rasi ya Iberia, yaani Uhispania na Ureno, kama kilivyokaa kwetu pwani, na Kireno kikatuachia yake. Sukari ni "azúcar", zaituni "aceituna", meza "mesa", bendera "bandera". Taarifa ina ndugu yake "tarifa", ambayo kwao imekuwa orodha ya bei. Ninalolipenda zaidi ni "hasta", ambalo asili yake ni "hatta" ya Kiarabu, ileile iliyotupa hata. "Hasta los niños lo saben": hata watoto wanajua.

mtaka_cha_mvunguni

Dada, umenifungua macho, hiyo ya nataka uje nimeisoma mara tatu. Mimi nina cheti cha Kihispania cha B1, ngazi ya kati, na chuo ninachokitaka kinadai B2, ngazi inayofuata. Swali langu: nikipata B2, darasani nitaelewa? Au nitakaa kama sanamu?

safari_ndefu

Ndugu yangu, utakaa kama sanamu kwa wiki sita hivi. Nakwambia ukweli ili ukifika usidhani una kasoro.

Cheti kwanza. DELE, cheti cha Kihispania, hutolewa na Instituto Cervantes, taasisi ya Uhispania ya kueneza lugha hiyo, na haina tarehe ya kuisha, ukishaipata ni yako. SIELE, mtihani mwingine wa Kihispania, hufanyika kwa kompyuta, matokeo yake huja haraka, lakini hudumu miaka mitano tu. Soma masharti ya chuo chako uone kinakubali ipi. Mimi nilifanya DELE B2 nikafaulu, nikaingia darasani Septemba nikijiona mjuzi.

Profesa akaanza kuongea. Hakuwa na slaidi. Aliongea saa moja na nusu juu ya mfumo wa umiliki wa ardhi katika karne za kati, na wenzangu wote wakaandika. Hawakuacha kuandika hata mara moja. Hicho wanachoandika kinaitwa "apuntes", na kwa kozi nyingi ndicho kitabu chenyewe, maana mtihani utatoka humo. Mimi nilitoka na mistari minane, mitatu ikiwa haina kitenzi.

Jambo lililoniokoa halikuwa kamusi. Nilimfuata msichana aliyekaa mbele yangu nikamwambia waziwazi: "No me da tiempo a escribir." Sipati muda wa kuandika. Akanipa daftari lake nipige picha. Tangu siku hiyo nilifanya hivi: darasani nasikiliza na kuandika maneno makuu tu, jioni nanakili apuntes zake kwa mkono wangu, sentensi nzima nzima. Kunakili ni kazi ya kuchosha na ndiyo iliyonifundisha namna Wahispania wanavyojenga aya. Kufikia Desemba nilikuwa naandika mwenyewe, na mwaka wa tatu kuna mwenzangu aliyekuwa akiomba zangu.

Usione haya kwenda "tutorías". Ni saa ambazo profesa anapaswa kuwa ofisini kwa ajili ya wanafunzi, zimeandikwa kabisa, na wengi hawaendi. Nenda na swali moja lililoandikwa. Uhispania maprofesa wengi utawaita kwa jina la kwanza na "tú", yaani wewe ya kawaida. Mimi ilinichukua mwaka kuzoea, nikawa nasema "usted", ile ya heshima, na wao wananirekebisha kwa upole. Ila barua pepe ya kwanza iandike kwa "usted", hiyo haijawahi kumponza mtu.

kalamu_nyekundu

Umesema ulifaulu DELE, lakini je, mitihani ya chuo? Nimesikia wanatoa alama kwa uchoyo.

safari_ndefu

Mtihani wangu wa kwanza nilipata 3.5 kati ya 10. Nilifeli.

Kufaulu ni 5. Kuanzia 5 hadi 6.9 wanaita "aprobado", 7 hadi 8.9 "notable", 9 na kuendelea "sobresaliente". Juu yake iko "matrícula de honor", isiyozidi asilimia 5 ya walioandikishwa kwenye somo, na mara nyingi aliyeipata hupunguziwa ada ya mwaka unaofuata kwa krediti (vipimo vya uzito wa somo) zilezile. Alama ya 7 ni nzuri, usiilinganishe na asilimia 70 ya mfumo mwingine ukajiona umeshuka.

Hiyo 3.5 nataka niieleze vizuri kwa sababu lugha haikuhusika. Tulipewa waraka wa kale, tukaambiwa: "Comente el texto." Mimi nikaona natakiwa kutoa maoni. Nikaandika kurasa tatu za hoja zangu, nikakubali hapa, nikapinga pale. Kumbe "comentario de texto" ni aina ya maandishi yenye mifupa yake, na mwanafunzi wa Kihispania ameifanyia mazoezi tangu sekondari. Unaanza kwa kusema waraka ni wa aina gani, wa sheria, wa simulizi au wa hesabu. Nani aliuandika, lini, kwa ajili ya nani. Kisha unatoa wazo kuu na yanayolitegemeza. Kisha unaeleza maneno magumu na mazingira ya wakati ule. Mwisho ndipo unaonyesha umuhimu wake. Maoni yako yana nafasi ndogo sana, na yakiingia mapema yanakushusha.

Nani angeniambia? Hakuna aliyedhani kwamba sijui. Nilijua nilipokwenda kwenye "revisión". Hiyo ni haki ya kila mwanafunzi: matokeo yakitoka, hutangazwa siku na saa ya kwenda kuona karatasi yako iliyosahihishwa. Nendeni hata mkifaulu. Profesa alinikalisha, akafungua karatasi ya mwenzangu aliyepata 8 akiwa ameficha jina, akanionyesha mpangilio. Dakika kumi zile zimenifaa kuliko kozi yoyote ya lugha niliyolipia.

Nikarudia mtihani kwenye "convocatoria extraordinaria", yaani nafasi ya pili ya mwaka huohuo wa masomo, nikapata 7.2.

Kwa wanaosoma sayansi au sheria: ulizeni kama mtihani wa kuchagua majibu unakata alama kwa jibu baya. Vyuo vingi hukata. Kuacha wazi ni bora kuliko kubahatisha. Yote haya yamo kwenye "guía docente", waraka wa kila somo unaosema uzito wa mtihani, wa kazi za nyumbani, wa mahudhurio. Huwekwa kwenye tovuti ya chuo kabla ya mwaka kuanza na yeyote anaweza kuusoma.

kalamu_nyekundu

Asante sana. Na kuingia je? Mimi nina cheti cha sekondari cha nje ya Umoja wa Ulaya.

safari_ndefu

Kabla ya yote, neno moja lililonigharimu wiki tatu. "Bachillerato" si shahada. Ni miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Nilijaza fomu kwamba naomba kusoma "bachillerato" ya historia, ofisi ikanirudishia ikiniuliza kama nina umri wa kwenda sekondari. Shahada ya kwanza Uhispania ni "grado". Nchi kama Meksiko wanasema "licenciatura". Haya ndiyo matunda ya kutafsiri kupitia Kiingereza. Yako na mengine: "carpeta" ni faili, "asistir" ni kuhudhuria, "éxito" ni mafanikio, na "suspender" mtihani ni kufeli. Mwenzangu alisoma "suspenso" kwenye orodha ya matokeo akafurahi akidhani mtihani umeahirishwa. Nilimkumbatia baadaye.

Cheti chako cha sekondari kinahitaji "homologación", yaani wizara ya elimu ya Uhispania ikitambue kuwa sawa na Bachillerato yao. Kazi hiyo ni ya miezi, tena mingi. Ukishaomba unapata karatasi inayokuruhusu kujiandikisha chuoni kwa masharti huku ukisubiri, "volante", usiipoteze. Nyaraka zako zitahitaji kuthibitishwa kisheria na kutafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, "traductor jurado".

Halafu kuna UNED, chuo kikuu cha elimu ya mbali cha serikali. Huduma yake ya UNEDasiss ndiyo inayoshughulikia wanafunzi wenye vyeti vya nje na kuvigeuza kuwa alama ya kuingilia, na mitihani yake inaitwa PCE. Alama ya juu kabisa ni 14: 10 za msingi na hadi 4 za masomo ya nyongeza yanayoendana na unachotaka kusoma. Kila kozi ina "nota de corte". Watu hudhani hicho ni kizingiti kilichopangwa. La, ni alama ya mtu wa mwisho aliyepata nafasi mwaka ule, kwa hiyo inapanda na kushuka. Udaktari katika vyuo vya umma huvuka 12. Historia iko chini zaidi, na ndiyo maana niliingia bila alama za kutisha.

Grado nyingi ni krediti 240 kwa miaka minne, udaktari ni 360 kwa miaka sita. Krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yako yote, darasani na nje. Somo la krediti 6 kwa hiyo ni saa 150 au zaidi, na huenda 60 tu kati ya hizo ndizo utakazomwona profesa. Zilizobaki ni zako na maktaba.

mtaka_cha_mvunguni

Nilikuwa nafikiria Barcelona.

safari_ndefu

Mji mzuri. Fungua guía docente za kozi unayoitaka uone inafundishwa kwa lugha gani. Katalonia ina Kikatalani kama lugha rasmi pamoja na Kihispania, na masomo mengi ya mwaka wa kwanza huenda kwa Kikatalani. Valencia, Galisia na nchi ya Wabasque nako kuna lugha zao. Simkatazi mtu, Kikatalani ni lugha yenye fasihi kubwa na aliyejua Kihispania hukipata haraka. Ila usije ukaligundua hilo siku ya kwanza darasani.

daktari_mtarajiwa

Naomba nichangie kutoka Kuba, maana uzi unaelekea kudhani Kihispania ni Uhispania tu. Mimi nasoma udaktari kwa ufadhili. ELAM, Escuela Latinoamericana de Medicina, ilifunguliwa Havana mwaka 1999, kwenye majengo yaliyokuwa chuo cha jeshi la majini. Asiyejua lugha hupewa kwanza maandalizi ya Kihispania pamoja na sayansi za msingi. Kisha ni miaka sita. Miwili ya kwanza mko pamoja, baada ya hapo mnatawanywa kwenye vyuo vya udaktari vya mikoani.

Na hapo ndipo Kihispania kinapoanza upya! Wakuba humeza "s" za mwisho. Mgonjwa mzee anakueleza maumivu yake na wewe unasikia irabu tupu. Lakini nakubaliana na dada kabisa: anayetoka Kiswahili hutamka vizuri mapema. Wagonjwa wangu hawajawahi kulalamika hawanielewi. Tatizo lilikuwa mimi kuwaelewa wao.

mwana_wa_pampa

Argentina hapa. Huku Reforma ya 1918, yaani mageuzi ya vyuo vikuu, ilianzia Córdoba, na masomo ya shahada ya kwanza katika vyuo vya umma yalifanywa bure mwaka 1949. Watu wengi wa nje tumefaidika. Angalizo: amri ya serikali ya mwaka 2025 imeviruhusu vyuo vya taifa kuwatoza wageni wasio na ukaazi wa kudumu, kwa hiyo ulizeni chuo husika kabla ya kupanga bajeti kwa neno "bure".

Universidad de Buenos Aires haina mtihani wa kuingilia. Badala yake kuna CBC, mzunguko wa masomo sita ya mwanzo ambao lazima uumalize ndipo uingie kwenye kozi yenyewe. Mlango ni mpana, ila wengi hukwama humo. Kufaulu ni 4 kati ya 10. Na mtihani wa mwisho, "final", mara nyingi ni wa mdomo: unakaa mbele ya walimu wawili watatu, wanakwambia chagua mada, unaanza. Mkono unatetemeka. Kwangu huo umekuwa bora kuliko wa kuandika, kwa sababu ukikosea neno unaweza kulizunguka. Halafu huku "tú" hamna, ni "vos": "vos tenés", "vos sos".

safari_ndefu

Asanteni sana wakuu, haya nisingeyajua.

Fedha, kwa Uhispania, kwa ufupi. Kipimo cha viza ya masomo ni IPREM, kiwango cha kipato kinachowekwa na serikali, ambayo tangu 2023 ni yuro 600 kwa mwezi. Uonyeshe unazo kwa muda wote, pamoja na bima ya afya. Ukifika una mwezi mmoja wa kuomba kadi ya ukaazi, TIE, na miadi yake hujaa, basi itafute siku ya kwanza. Jiandikishe pia manispaa unapoishi, "empadronamiento", kwa sababu kila ofisi itakuuliza karatasi hiyo. Mwanafunzi wa elimu ya juu anaruhusiwa kufanya kazi hadi saa 30 kwa wiki. Mwaka wa kwanza nawasihi msizifikie.

Ada hulipwa kwa krediti na kila mkoa unaojitawala una bei yake. Baadhi huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya mara kadhaa zaidi, mingine hapana, kwa hiyo linganisheni mikoa kabla ya kulinganisha majengo. Ukifeli somo ukajiandikisha tena, krediti zilezile hupanda bei, na mara ya tatu hupanda zaidi. Ndiyo sababu 3.5 yangu ilinikosesha usingizi.

mtaka_cha_mvunguni

Dada, nina miezi mitatu kabla ya DELE na mitano kabla ya kuondoka, Mungu akijalia. Nifanye nini kila siku?

safari_ndefu

Chukua guía docente ya somo moja utakalosoma mwaka wa kwanza. Tafuta kitabu cha kwanza kwenye orodha yake. Kila siku ukurasa mmoja: usome kwa sauti, ufunge, uandike ulichokumbuka kwa sentensi kamili za Kihispania. Jumapili tafuta mhadhara wa saa moja kwenye intaneti, uandike apuntes bila kuusimamisha. Wiki ya kwanza utapata mistari minane kama mimi.

Na anza comentario sasa hivi. Tafuta waraka mfupi, aya moja. PARES, lango la hifadhi za nyaraka za Uhispania, lina nyingi na ni bure. Andika sentensi mbili tatu, zibandike hapa, nitazisahihisha.

mtaka_cha_mvunguni

Nimejaribu. Ni barua ya baraza la mji juu ya kodi:

"El texto es una carta. El autor quiere que los vecinos pagan el impuesto antes de junio."

safari_ndefu

Vizuri sana, umeanza na aina ya waraka, mimi sikufanya hivyo. Ongeza tarehe na barua imeandikiwa nani.

Sasa isome sentensi ya pili kwa Kiswahili. Anataka wakazi wa mji wanalipa?

mtaka_cha_mvunguni

Walipe. Anataka walipe. "Que paguen"!